Bunduki ya Mti na Ng'ombe wa Baba

Bunduki yangu ya mgambo aliichonga baba. Kila kuruta alitakiwa kuja na yake, ya mti, yenye kitako na mtutu, na wenzangu wengi walileta vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari ovyo. Baba, na kifua chake kibovu, alikaa uani siku nzima akichonga na kukohoa. Mti wenyewe aliuchomoa mlangoni kwa zizi letu. Ulikuwa mmoja wa ile miti ya kupitisha inayozuia ng'ombe wasitoke. Zizi lilikuwa tupu, kwa hiyo hakukuwa na wa kutoka.

Nilijiunga na mgambo kwa sababu moja tu. Hoteli za watalii kule Karatu zilikuwa hazitaki mlinzi asiye na cheti cha mafunzo, nami nilikuwa nimechoka kupalilia mbaazi za watu. Mafunzo hufanyika kila kiangazi, mahindi yakishavunwa, katika uwanja mmoja hapa kwetu Daa. Bibi alikuwa akisimulia kwamba enzi za mkoloni walowezi wa mashamba ya kahawa nao walikusanyika uwanja uleule kila mwaka, na sare zao za askari wa kujitolea, wakapiga risasi za kweli kutwa nzima, halafu wakanywa bia mpaka wakalala kwenye nyasi. Babu alikuwa akiwabebea mbao za shabaha. Sisi hatukuwa na risasi wala bia. Tulikuwa na uji, na siku za mwanzo nilicheka mpaka nikaadhibiwa, kuona watu wazima na ndevu zao wanamlenga kunguru kwa kipande cha mti na kusema "pa!"

Sasa niseme habari ya zizi. Kijiji kizima kiliamini baba ameuza ng'ombe wake wote kwa ajili ya matibabu. Haikuwa kweli. Alikuwa amewahifadhi kwa rafiki yake, mzee wa Kimaasai wa upande wa Endulen. Kwetu jambo hilo si geni: ng'ombe wako huwaweki wote zizini kwako, wengine unawapeleka kwa rafiki wa mbali, yeye anakunywa maziwa na ndama wanabaki wako. Mwenye ng'ombe hasemi amewaweka wapi, na aliyepewa hasemi ni wa nani. Ukisema, umeuvunja urafiki.

Baba alikuwa akiwaficha ng'ombe hao ili ndugu zake wasiwaone. Ng'ombe wale walitokana na mifugo ya babu, na mdogo wake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji chetu, alidai sehemu yake kila palipokuwa na msiba au harusi. Baba alisema yeye ndiye aliyewachunga tangu utoto wakati wenzake wakiwa shuleni. Sijui nani alikuwa na haki, na sitaki kujifanya najua. Najua tu kwamba baba aliniambia siri hiyo mimi peke yangu, mtoto wake wa pekee aliyebaki nyumbani, nami nilijiona mtu mkubwa.

Wiki ya mwisho ya mafunzo baba mdogo alikuja uwanjani kumwomba msaada afande aliyetufundisha. Wakulima walikuwa wakilalamika kwamba ng'ombe wa wageni wanaingia kwenye mbaazi. Afande akafurahi, akasema hilo ndilo zoezi letu la doria. Tukatoka mchakamchaka kwenye ukungu, tunaimba, bunduki za mti begani, baba mdogo akitufuata kwa pikipiki.

Tuliwakuta korongoni, nje kabisa ya mashamba, wanakunywa maji. Tukawazunguka kama tulivyofundishwa. Mchungaji alikuwa amekaa juu ya jiwe na shuka lake jekundu, na aliposimama nikamtambua. Alikuwa rafiki wa baba. Ndiye aliyekuwa akiniletea siagi nilipokuwa mdogo, na kila akinikuta njiani alinisalimia "takwenya", kama Wamaasai wanavyowasalimu wasichana, na kungoja mpaka niitikie "iko" vizuri. Safari hii hakunisalimia. Alinitazama mara moja, akageuza uso, nami nikaelewa kwamba ameshaniambia ninyamaze.

Huenda angeachiwa kwa karipio tu. Lakini baba mdogo alishuka kwenye pikipiki, akapita katikati ya ng'ombe, akasimama kwa mmoja mwekundu mwenye mimba kubwa. Akamshika sikio la kushoto. Lilikuwa limechanwa mara mbili, juu na chini, na huo ni mkato wa ukoo wetu tangu babu.

"Huyu ni wa kwetu!" alipiga kelele. "Na yule pale! Huyu mzee ni mwizi!"

Neno hilo kwetu halina mchezo. Mstari ulivunjika, vijana wakamsogelea. Afande alikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya korongo, akiwapanga wengine.

"Umewatoa wapi?" baba mdogo alimuuliza.

"Hii ng'ombe yote ni yangu," mzee alijibu.

"Na hilo sikio?"

Mzee akageuza macho kwenye maji. Kuruta mmoja akampiga mbavuni kwa kitako cha bunduki yake. Mti, naam, lakini mti unavunja mbavu. Mzee alipiga goti na bado hakusema. Angetaja jina la baba tu, yangekwisha. Nilijua hatalitaja hata wakimuua, na nilimwona mwenzangu mwingine akiokota jiwe. Nilimchukia baba mdogo kwa moyo wote. Nilimchukia na baba pia, kwa kunipa mzigo ule.

Nikatoka mstarini bila ruhusa.

"Si mwizi," nilisema. "Ni ng'ombe wa baba. Baba mwenyewe ndiye aliyempa."

Baba mdogo aligeuka taratibu. Nilitegemea hasira, lakini alitabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko matusi. "Kumbe," alisema. "Kumbe kaka hakuuza."

Mchana huohuo ng'ombe wetu waliletwa kwenye zizi la baba, kungoja kikao cha ndugu. Pengo la mti uliochongwa bunduki lilikuwa wazi, tukaliziba kwa matawi ya miiba. Mzee wa Endulen alikuja nao, anatembea ameshika mbavu, akaingia kwa baba.

"Mimi sikusema," alimwambia.

"Najua," baba alijibu. Kisha akaniangalia. "Umemwokoa rafiki yangu, mwanangu. Ungekaa kimya ningekulaani. Lakini umenivua nguo."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Kikao kilikaa, ng'ombe wakagawanywa, na yule mwekundu alikwenda kwa baba mdogo na mimba yake. Mimi cheti nilipata, baada ya adhabu ya kuzunguka uwanja kichurachura kwa kuvunja mstari. Sasa ninalinda geti la hoteli, nainua kizuizi magari ya watalii yapite kwenda Ngorongoro, na mwisho wa wiki narudi Daa kumwona baba. Hajawahi kunigombeza tena. Ananiuliza kazi, ananiuliza kama nimekula.

Kiangazi kilichofuata nilimkuta mzee wa Endulen nyumbani. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaitikia "iko" kwa sauti, nikachemsha chai ya maziwa, nikawamiminia na kuvuta kigoda nikae nao kama zamani, wakati baba alipokuwa akiniita nisikilize habari za ng'ombe: nani amezaa, nani anaumwa kwato. Mzee alikuwa ameshaanza kusema kitu, habari ya mtamba mmoja wa baba ambaye siku ile ya korongoni hakuwa katika kundi. Akakatisha, akamtazama baba.

Baba alikohoa. Aliongea kwa upole, kama anavyoongea na mgeni.

"Mwanangu," alisema, "hebu toka nje kidogo."

Nikatoka. Nikasimama penye mlango wa zizi, na kutoka ndani ya nyumba nikawasikia wakishusha sauti.