Tulivyokwenda Kuziona Kuta za Wahispania

Niliondoka nyumbani Jeffersontown, huku Louisville, kwa sababu marehemu mume wangu alitamani kuuona mji wa Mtakatifu Augustino, kule Florida, na kifo hakikumngoja. Alikuwa fundi mwashi. Kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, alitujengea kanisa la matofali ya udongo, mvua zikalirudisha kuwa udongo. Alipofika Amerika, Mkyuba mmoja aliyefanya naye kazi ghalani alimwambia uko mji waliojenga Wahispania zamani, na kuta zake bado zimesimama. Basi kila Jumapili ikawa habari ya kuta.

Sababu nyingine ni watoto. Baba yao alipofariki, theluji ilimfungia Ester huko Riverside, Buffalo. Mdogo wake Desideri, anayekaa Westerville, kando ya Columbus, akaamua tuzike bila kumngoja. Ester alifika kaburi limeshafunikwa. Tangu hapo hakumsemesha ndugu yake. Majira ya joto yalipofika nikawapigia simu wote wawili: mnanipeleka kwenye kuta za baba yenu. Sikuuliza kama wana nafasi.

Alfajiri tulishika njia. Desideri kwenye usukani, mimi kando yake, Ester nyuma na sufuria ya maharage.

Milima ya Tennessee ilinirudisha Burundi, vile ukungu unavyolala kati ya vilima.

“Mama, mwambie mwanao apunguze mwendo.”

“Mama, mwambie binti yako barabara hii ina mwendo wake.”

Nikawaambia mimi si simu. Usiku tukafika Georgia, tukalala huko.

Kesho yake mchana tuliingia mjini kwa lango la kale: nguzo mbili nene za mawe, huku na huku. Ndani njia ni nyembamba, na nyumba zina roshani za mbao zilizotokeza juu ya vichwa vya watu. Kanisa kuu lina kengele zilizoning'inia kwenye matundu ya ukuta wenyewe. Nilisimama hapo sana. Kengele yetu ya kambini ilikuwa rimu ya gari.

Ngome ya hao Wahispania iko ufukweni. Mawe yake ni makombe ya bahari yaliyoshikana yenyewe. Mlinzi alieleza, Ester akanifasiria, kwamba adui walipopiga mizinga ukuta haukupasuka, ulizimeza risasi. Nikapitisha kiganja. Unakwaruza kama mkono wa mume wangu msimu wa kufyatua matofali.

“Mama, usiguse, wamekataza,” Desideri akasema.

“Wamewakataza wanaobomoa.”

Akataka kutupiga picha. Ester akajiondoa kwenye picha, akaenda kutazama bahari. Hapo nikaona tumekuja bure.

Kwetu waliokosana huketishwa kwenye chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Anayekataa kutia mrija amekataa undugu. Sisi ni walokole, pombe hatugusi. Nikawaingiza kwenye mkahawa mmoja kichochoroni, nikaagiza jagi moja la maji ya ndimu na mirija mitatu. Mhudumu alileta na glasi. Nikamrudishia.

“Mama, watu wanatuangalia,” Ester akasema.

“Waache. Wamekuja kuona mambo ya kale.”

Desideri alitia mrija wake, mimi wangu. Ester alishika wake tu. Barafu ikaanza kuyeyuka. Sikumhimiza, maana hili halilazimishwi. Nilijua tu kwamba akiinuka, nimezika tena.

Akautia. Akanywa akiangalia chini.

“Udongo wa kwanza kaburini alitupa nani?” akauliza.

“Alianza Mama,” Desideri akajibu. “Kisha mimi. Nilitupa mara mbili, dada. Ya pili ilikuwa yako.”

“Hukuniambia.”

“Ulikuwa hupokei simu.”

Ester akajifuta uso kwa kanga yangu, kanga safi ile, nikamwacha.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, mimi nikahamia nyuma na sufuria. Desideri alimsimulia mazishi yote: nyimbo, nani aliomba, suti gani walimvika baba. Ester akiuliza, mdogo wake anarudia. Nilidhani aliyechelewa mazishi anataka kuombwa msamaha. Kumbe anataka kusimuliwa. Nanyi mliobaki huko nyumbani Burundi, akija aliyechelewa, msimwonyeshe kaburi mkaondoka. Kaeni naye mumweleze, hata kama ameshasikia.