Kaburi la Kamau Kando ya Njia ya Msitu

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani, mtaa wa Mountain View, kwa sababu moja: kuikanyaga ardhi niliyotaka kununua. Mimi si mtu wa kudanganywa. Nilitoka mtaa wa Kangemi na begi moja, nikafanya kazi hotelini Doha, nikarudi na diploma ya utalii na akiba ya jasho langu. Akiba hiyo yote ndiyo ilikuwa inakwenda kule. Mke wangu Nafula aliniambia mlangoni, "Baba Brian, usitie sahihi kabla hujaona."

Baada ya mji wa Kikuyu niliacha lami, nikafuata barabara ya vumbi hadi ranchi ya muuzaji, Bwana Njoroge, ambaye hulaza wageni katika nyumba za mbao kando ya msitu wa serikali. Alinikumbatia kama ndugu aliyepotea. Sikupenda. Nimepokea wageni wa kila taifa. Anayekukumbatia hivyo ana jambo.

"Karibu mkubwa! Ukijenga hapa, pesa itakutafuta yenyewe."

"Kwanza tutembee," nikasema.

Msituni njia ilikuwa nzuri, sikatai. Mbega walirukaruka juu yetu, na ardhi ilinukia majani mabichi. Hiyo ni njia ya umma. Akina mama wa kijijini hupita hapo na kuni mgongoni. Lakini Njoroge alinyoosha mkono. "Yote hii hadi kijitoni ni yetu. Tutaweka ua."

"Na njia ya watu?"

Alinipeleka kwenye tuta la udongo lenye msalaba, akavua kofia. "Hapa amelala ndugu yangu Kamau. Serikali gani itathubutu kumfukua marehemu?"

Nilitazama. Udongo ulikuwa mpya, lakini nyasi za pembeni zilisimama wima. Kwa wazazi wangu, magharibi ya nchi, mazishi huacha uwanja umekanyagwa kama soko. Mama mmoja aliyebeba kuni akapita, akacheka. "Njoroge, viazi vyako vimeota?"

"Achana naye, ana kelele," Njoroge akasema haraka.

Mchana mkewe, Mama Wambui, alitupakulia githeri, mahindi na maharagwe. Nikainamisha kichwa. "Pole sana, mama, kwa kufiwa na shemeji yako Kamau."

Mwiko ukabaki hewani. "Kamau yupi? Huyu aliyetuletea mbuzi juzi?"

Njoroge alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Hayo ndiyo machozi pekee niliyoona yakimwagwa kwa ajili ya marehemu yule.

Kwenye geti aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa, mkubwa, tutaongea lini?"

"Nipigie siku ya matanga. Nitakuja na jogoo."

Jioni, nikirudi mjini kwa Waiyaki Way, foleni ya magari ilinipa muda wa kufikiri. Diploma yangu ilinifundisha kupima mandhari, lakini kaburi hupimwa kwa waliolia. Jumatatu nilikwenda kwa afisa wa msitu nikamwambia kuhusu tuta lile lisilo na marehemu kando ya njia. Nafula aliniuliza tena kama nilitia sahihi. Nikamwambia hapana, ila Jumamosi ijayo tutakwenda wote kutembea njia ile, kabla haijawekewa ua.