Slaidi Alizoziosha kwa Ajili ya Mgeni

Kioo kipya cha hadubini, yaani slaidi, si kisafi. Watu hawaamini nikiwaambia. Unafungua pakiti, unakitoa, kinameta hadi unajiona, halafu unadondosha tone la damu juu yake na tone lenyewe linakimbilia pembeni, kwa sababu kimetoka kiwandani na mafuta mafuta yake. Lazima ukifute kwa spiriti kwanza. Tena ukishike kwenye kingo, vidole viwili tu, maana alama ya kidole chako ukiitazama chini ya hadubini utadhani shamba lililopigwa matuta. Hayo nilifundishwa chuoni, nikayabeba mpaka kijiji kimoja cha ndani huko Kisarawe, ukishaipita Kurui, ambako huu ni mwaka wangu wa sita katika maabara ya zahanati, chumba kimoja.

Niko peke yangu, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Mganga na muuguzi wako upande wa pili wa jengo, wana watoto wao, wana kelele zao. Kwetu ni Kibaha, pale Sofu, ila kwetu penyewe siku hizi ni nyumba tupu. Baba alitangulia, mama akamfuata, mdogo wangu kaolewa Mwanza. Kila mwisho wa mwezi ninakwenda kufungua madirisha, kufagia, kulala siku tatu kwenye kitanda cha mama, na kurudi. Majirani wa Sofu alfajiri wameshatoka kuwahi kazini Dar. Tunapungiana mikono getini, basi, mwezi umeisha.

Na mimi si mtu rahisi, nikiri mapema. Nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa maji yakichemka. Watu wa namna yangu hawakai na rafiki muda mrefu, na nilishaizoea hali hiyo, au nilikuwa najidanganya kwamba nimeizoea.

Aliyeniharibia mazoea hayo ni mhudumu wa zahanati, mama wa Kizaramo wa makamo ya mama yangu, mwenye kazi ya kufagia, kupiga deki na kuosha vyombo vya maabara. Wiki ya kwanza kabisa nilimwamkia vizuri, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akauliza kwetu hasa wapi, mbali na hiyo Kibaha. Nikamwambia wazazi wangu walitoka Tabora, sisi ni Wanyamwezi. Loh! Mama wa watu akaweka ndoo chini.

"Kumbe mtani! Kumbe mpagazi! Babu yako alibeba meno ya tembo toka huko mpaka pwani, leo wewe umekuja kubeba vijioo? Kabila lenu limeshuka."

Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba wa mama. Nikamjibu, kwa utani ule ule wa makabila yetu, kwamba babu zake ndio waliokaa wakipiga ngoma huku wenzao wanapita na mizigo, na kwamba Mzaramo akiona kazi husikia ngoma. Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana tena kama watu wenye adabu. Shikamoo yangu ilijibiwa "Marahaba, mpagazi," na ndipo siku yangu ilipoanza.

Yeye ndiye aliyeniokoa kwenye shida ya maji. Slaidi zilizotumika mimi nilikuwa nazifanyia kila kitu kama kitabu kinavyotaka: nazilowesha kwenye dawa ya kuua vijidudu, naziosha kwa maji ya sabuni na pamba, nazisuuza mara tatu. Zikikauka, madoa meupe matupu. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi chini ya hadubini inajifanya kila aina ya mdudu. Nilitukana kisima, nikatukana sabuni. Mama alinitazama siku mbili, ya tatu akaja na dumu la maji ya mvua aliyokinga kwenye bati la kwake. "Mwisho suuzia haya. Hata sufuria ya harusi hatusuuzii maji ya kisima." Madoa yakaisha siku hiyo hiyo.

Mimi nami nikamfundisha yangu. Slaidi husimamishwa kwa ubavu zikauke, hazilazwi. Zikikauka hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na hapo alichana kanga yake ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto. Kisha hufungwa kumi kumi kwa karatasi ili zisigandane, na kuwekwa mahali pakavu, kwa sababu ukungu wa masika hula hata kioo. Vile vioo vidogo vya kufunikia, vyembamba kama ganda la kitunguu, havisuguliwi kamwe. Unavitia kwenye bilauri pana yenye maji ya sabuni, unaizungusha taratibu, basi. Mimi nimevunja vingi. Yeye sikumbuki kama aliwahi kuvunja hata kimoja.

Siku moja nikamwambia aandike tarehe kwenye kifurushi. Akakifunga upya kifurushi ambacho hakikuwa na kasoro. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba aliishia darasa la tatu, na herufi zote zimeshamkimbia. Nyumbani kwake hawajui. "Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni mtani wangu," akasema. "Mtani hana pa kuipeleka siri yako." Nikaanza kumchorea alama badala ya maneno, na hatukulizungumza tena.

Nimeieleza hiyo siri ili ujue nilichokuwa nacho mkononi. Katika dunia nzima, mtu aliyenifurahia nikiingia mlangoni alikuwa mmoja, na ndiye huyo.

Sasa, kuna slaidi ambazo haziruhusiwi kuoshwa. Ukishasoma damu ya mgonjwa na kuandika majibu, slaidi unaitunza na rangi yake ya zambarau vile vile, kwa sababu mkaguzi kutoka wilayani atakuja kuzisoma upya aone kama macho yako ni ya kweli. Zangu zilikaa kwenye sanduku la mbao. Za kuosha zilikaa kwenye kopo la siagi pembeni mwa sinki, na mama alijua kwamba chochote kilichomo kwenye kopo lile ni halali yake. Mpango ulikuwa huo tu, na ulitutosha miaka yote.

Masika yakaliotesha sanduku ukungu. Ijumaa moja nikatoa slaidi zote, za miezi mitatu, nikaliweka sanduku juani kwenye baraza. Slaidi nikazitia kwenye kopo la siagi. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu. Kisha nikaanza kuwaza basi la kwenda Kibaha, maana ulikuwa mwisho wa mwezi.

Nikiwa mlangoni na begi langu nikamwambia mama, "Jumanne tuna mgeni, mkaguzi. Anakuja kuziangalia slaidi zetu."

"Anatoka wilayani kuja kuangalia slaidi tu?"

"Slaidi tu."

"Basi zitamwakia machoni," akasema. Nikacheka, nikaondoka.

Jumatatu nilifika nimechelewa, nimechoka, nina vumbi la Sofu puani na huzuni ya nyumba tupu kifuani. Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa, akina mama na watoto. Nikafungua mlango wa maabara. Mama alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri picha. Kwenye meza alikuwa ametandika kanga, na juu yake slaidi zangu zote, zimesimamishwa kwa ubavu mstari mmoja ulionyooka, zinapitisha jua. Hazikuwa na doa. Alikuwa amekuja Jumapili, siku yake ya kupumzika, na madumu mawili ya maji ya mvua kichwani na mkononi, ili mgeni asitukute wachafu.

Miezi mitatu ya kazi yangu, yote imekwenda na maji.

Nilimfokea. Sitayaandika yote, mengine hayaandikiki. Nilisema ameniua, nilisema ameninyang'anya kazi. Na yeye akacheka! Alicheka kwa moyo mweupe, akidhani ni utani. "Haya, mpagazi, leo umeshuka na njaa ya Tabora."

"Sikutanii!" nikapiga kelele. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima limegeuka. "Mtu hata kusoma hujui, nani kakutuma kushika vitu vya watu?"

Nililiona neno likimfikia. Kicheko kilibaki usoni muda kidogo, hakikujua pa kwenda. Akaikunja ile kanga pole pole, akavua aproni, akasema, "Samahani, daktari." Mimi wala si daktari. Akapita mbele ya benchi lote akiwa ameinamisha kichwa, na mimi sikumwita.

Jumanne mkaguzi alikuja. Nilikesha nikitunga maelezo, na maelezo yenyewe, Mungu anisamehe, yalianza na neno mhudumu. Nikamwambia mhudumu ameosha slaidi zote kwa kutojua. Yule baba alikuwa mtulivu. Akaniuliza zilikuwa zimehifadhiwa kwenye chombo gani. Nikafungua mdomo, nikaliona kopo la siagi, nikaufunga.

"Nilizihamisha mimi," nikasema. "Niliziweka kwenye kopo la kuoshea."

Akaandika mstari mmoja kwenye fomu, akasema mambo hayo hutokea, nianze upya kutunza kuanzia leo, atapita tena. Akanywa chai yake, akaondoka. Hata saa nzima haikufika. Yaani kile nilichokuwa nakililia kilikuwa mstari mmoja wa kalamu.

Mama hakuja Jumatano, hakuja Alhamisi. Alhamisi alasiri nilifunga maabara, nikanunua sukari kilo mbili, nikakata katikati ya mashamba ya mihogo na mikorosho mpaka kwake. Nilimkuta barazani akimenya mihogo. Akanikaribisha, akaniwekea kigoda, akaagiza niletewe maji ya kunywa. Kila kitu alifanya sawasawa, na hilo ndilo lililoanza kuniogopesha.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu. Kopo nililijaza mimi."

"Najua," akasema. "Nililijua tangu siku ile. Kopo lilikuwa la kuoshea."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba siku ile mjukuu wake alikuwa kwenye benchi, amekaa na homa yake anasubiri kupimwa. Ni yule wa darasa la nne, anayelala naye chumba kimoja. Kila jioni humletea bibi daftari alikague. Bibi hulishika, humwambia asome kwa sauti, akisikia anababaika humwambia rudia hapo. Mtoto amekua akijua bibi yake ni mkali wa kusoma.

"Tangu Jumatatu hajaleta," akasema. "Wala hajauliza. Mtoto mwenye adabu."

Nililia pale pale kwenye kigoda, mtu mzima mimi. Akanishika bega, akaniambia yamekwisha, mwanadamu hakosi kukosa, na kwamba Jumatatu atarudi kazini. Nilirudi kwangu nikiwa mwepesi. Nilimwamini. Nilishaanza hata kutafuta utani wa kumpokea nao.

Na kweli Jumatatu alirudi. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba, daktari." Nikadhani labda ni ya siku ya kwanza. Akafunga aproni, akasogeza kopo, akatoa slaidi ya kwanza, akaishika kwenye kingo, vidole viwili, kama nilivyomfundisha. Akaja nayo mpaka mezani kwangu.

"Hii ioshwe, daktari?"

"Ioshwe, mama. Zilizomo humo zote ni za kuosha."

Akaenda, akaiosha, akaisimamisha. Akarudi na ya pili.

"Na hii?"

"Ioshwe."

Alikuja na ya tatu, akaja na ya nne. Kopo lilikuwa na slaidi kama thelathini. Hakuwa na kinyongo usoni, hakuwa ananikomoa. Angekuwa ananikomoa ningepumua. Alikuwa mfanyakazi mwangalifu tu, mbele ya mkubwa wake.

Kwenye ya tisa au ya kumi sikuweza tena. Nikakusanya nguvu, nikatoa sauti ile ya zamani, nikasema, "Ninyi Wazaramo bwana! Kwa mwendo huu ngoma itaanza na kwisha bado unaosha."

Akasimama na ile slaidi mkononi. Nikamsubiri. Nilimsubiri, wallahi, kama sijawahi kumsubiri mtu.

"Samahani, daktari," akasema. "Nitafanya haraka."