Mapacha wa Paskazia

Paskazia Mihayo wa Ushirombo alikuwa na jicho la matumbo, na alijua kwamba tunajua. Kwa miaka thelathini aliwaambia wanawake wa kijiji chetu nani amebeba mapacha, akaongoza na ngoma ya kimila ya hao mapacha. Mara nyingi alipatia. Alipokosea tulinyamaza, maana nani angebishana naye?

Mwaka jana Loveness, mke wa mwanawe, alifikisha miezi mitatu tumbo likiwa la miezi sita. Alitapika mpaka akabaki anatapika maji. "Hao ni Kulwa na Doto," Paskazia akatangaza, akaanza kuandaa pombe. Loveness alipoomba kwenda kupimwa kwa picha, alikatazwa.

"Mapacha hawachunguliwi kabla ya kuchezewa ngoma, mwanangu."

"Mama, natokwa damu kidogo kidogo."

"Wanagombania nafasi hao."

Tukacheza. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na sauti yangu mnaijua. Loveness aliketishwa katikati kwenye kigoda, amepakwa unga usoni, midomo imemkauka. Pombe haijafika nusu, damu ilikuwa imeshalowesha kanga mbili.

Hospitalini walimsafisha kizazi, wakamwongezea damu chupa tatu. Paskazia akaja na shuka jeupe jipya, akamwomba daktari ampe wajukuu wake akawazike.

Daktari Eliya alimvutia kiti. "Bibi, hapakuwa na mtoto. Hii tunaiita mimba zabibu. Mtoto huanza na seli moja. Inagawanyika zinakuwa mbili, nne, nane, na kila moja inajua iwe nini na ikome lini. Yai hili lilikuwa tupu, halikuwa na chembe za urithi za mama. Seli zikagawanyika tu, zikawa malengelenge, bila moyo wala mkono."

"Nani kamfanyia?"

"Hakuna mtu. Hutokea. Ila zikibaki hata chache, zinaweza kugeuka saratani. Apimwe damu kila wiki, na asishike mimba mpaka mwaka upite."

Nikiwa mlangoni nilimwona Paskazia akilikunja lile shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

Nestory, mume wa Loveness, alirudi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa. Aliposikia habari ya kusubiri mimba mwaka mzima, akasema ataoa mwingine.

"Oa," mama yake akamjibu. "Huyu atakaa kwangu. Kliniki nitampeleka mimi."

Na kweli anampeleka, kila wiki, pikipiki moja wawili. Kipimo cha mabaki ya zile seli kilishuka, kikapanda, na sasa kinashuka tena. Daktari bado hajasema amepona.

Juzi kwenye sala ya jumuiya, Juliana, jirani yetu, akamtania: "Mama Nestory, tutacheza lini tena ngoma ya Kulwa na Doto?"

Paskazia akasimama.

"Kulwa na Doto hawakuwapo," alisema. "Aliyekuwapo ni Loveness. Aliniambia anatokwa damu, nami nikampigia ngoma."