Mama wa Afya na Samli ya Shangazi

Mama wa afya wa mtaani kwetu Masaka hamgusi kichanga kabla ya kupasha viganja vyake kwapani, na humsalimia mtoto kwanza, wazazi watangoja. Anaongea kwa sauti ndogo, lakini hata mbuzi wa kijiji jirani cha Ndera huacha kutafuna wamsikilize. Siku moja jirani yetu Mutesi alimwita: mwanawe wa kiume wa wiki moja alikuwa amevimba matiti, na shangazi wa mumewe keshapaka vidole samli ayakamue.

“Tukiyaacha, huyu ataolewa,” alisema shangazi.

Mama wa afya aliyapapasa taratibu. Hayakuwa mekundu, wala mtoto hakuwa na homa. “Ni homoni za mamake, zimemfuata kutoka tumboni. Vichanga wengi huwa hivi. Yatanywea yenyewe. Ukiyakamua, shangazi, yatatunga usaha.”

“Na samli yangu je?”

Hakubishana naye. Alimvua mtoto soksi, akamwekea shangazi nyayo mbili mikononi. “Kanda hizi.”

Shangazi akakanda, akainama ambusu, na mtoto akamkojolea usoni, mkojo wa kuzima jiko.

Shangazi akajifuta kwa kitenge, polepole.

“Haya,” akasema. “Yaacheni yanywee.”