Watu Tisa wa Bellevue

Nilitoka Tanga kwa hasira, na sioni haya kulisema hilo. Nilikuwa nimekaa langoni katika mpira wa magongo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2019, nilipotimiza miaka thelathini na minane, viongozi wa klabu yetu waliniondoa kikosini bila hata kunijaribu. Walisema nafasi ni ya mabinti. Wiki hiyohiyo dada yangu Mwanaidi, mtoto wa mama mkubwa, anayeuza vitambaa Mayfair mjini Johannesburg, alinipigia simu. Alisema fundi cherehani mmoja Mkongo, mteja wake, anacheza mchezo wa fimbo unaofanana na wangu, na timu yao haina kipa. Nikakata tiketi.

Siku ya tano njiani, baada ya Tunduma, Lusaka na foleni ya mpaka wa Beitbridge iliyotukalisha usiku kucha, basi liliingia Johannesburg asubuhi. Ilikuwa Juni. Nilikuwa nimeambiwa kuna baridi, lakini si baridi ya kuuma mpaka kwenye meno. Mwanaidi alinipokea stesheni na koti la sufu. Pasipoti yangu ilikuwa imegongwa siku tisini. Nilizihesabu: zilifika mpaka mwisho wa msimu, na siku chache za kupumulia.

Jumapili ya kwanza tulikwenda Bellevue, kwenye kiwanja cha shule chenye nyasi zilizokauka rangi ya mkate. Yule fundi, Kasongo, mtu wa Lubumbashi, mwembamba, mpole wa sauti, ndiye aliyekuwa nahodha. Mchezo wenyewe unaitwa hurling, asili yake Ireland. Walifundishwa na Mwalimu Declan, mzee wa huko aliyestaafu ualimu na kubaki Johannesburg. Mpira ni mdogo, wa ngozi, unaoenea kiganjani. Hupigwa kwa fimbo bapa, na tofauti na magongo yetu, huruka angani na huruhusiwa kuudaka kwa mkono. Ukiupitisha chini ya mwamba wa goli unapata pointi tatu, juu ya mwamba pointi moja. Kwa kuwa wachezaji nchini ni wachache, wanaume na wanawake hucheza pamoja, tisa kwa tisa.

Mwalimu alinipigia mipira kumi. Niliokoa saba, na wa nane ukanivimbisha kidole gumba. Kasongo hakunisifu. Aliniletea barafu kutoka spaza, kiduka cha jirani, akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Julai tulicheza mechi nne, tukafungwa tatu. Ligi ilikuwa na timu nne: mbili za Pretoria, moja ya Durban, na sisi. Wenzetu walikuwa na makocha na jezi za kubadilisha. Sisi tulikuwa na washonaji, wasusi, walinzi wa maduka, Wakongo, Warundi, Mzanzibari mmoja na mimi wa Tanga, na jezi alizoshona Kasongo kwa mabaki ya vitambaa vya Mwanaidi. Mechi ya tano, ya Durban, hatukuicheza kabisa. Gari letu liliharibika njiani tukapoteza pointi. Ikaja barua ya kamati ya ligi: timu ikishindwa tena kuingiza watu tisa uwanjani itafutwa, na wachezaji wake wazuri watagawiwa timu nyingine. Nahodha mmoja wa Pretoria alinipigia simu mapema kunitaka. Nilimwambia mimi nina timu.

Wiki ya mechi ya mwisho, mwanzoni mwa Septemba, mji ukachafuka. Maduka ya wageni yalivunjwa na kuchomwa katikati ya jiji. Mayfair watu walifunga milango ya chuma. Mwanaidi alihamishia mali yake nyumbani, tukalala katikati ya marobota ya vitenge. Mmoja baada ya mwingine, wachezaji wanaokaa mtaa wa Berea walipiga simu kusema hawawezi kutoka, na sikumlaumu hata mmoja.

Ijumaa Kasongo alimwomba katibu wa ligi asogeze mechi. Katibu alijibu kwa upole kwamba uwanja umeshakodiwa na msimu unaisha siku hiyo. Aliongeza kwamba tukibaki nyumbani hakuna atakayetushangaa. Kasongo alikata simu.

"Ni hapo shida," akasema. "Hakuna atakayeshangaa. Bon. Tuko saba. Tunaenda."

Jumamosi asubuhi, Bheki, Mzulu wa Soweto mwenye kombi, alitupitia mmojammoja mlangoni. Alisema ametupeleka kufungwa msimu mzima, hawezi kukosa siku ya mwisho. Mwanaidi alipanda pia. Alisema hakai peke yake na marobota. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, tulitazama madirishani mpaka iwake kijani. Kuna mahali duka lilikuwa bado linatoa moshi.

Pretoria, saa nne, mwamuzi alihesabu vichwa vyetu na kutikisa kichwa. Mwalimu Declan aliichukua fomu ya usajili, akaisoma polepole. Ilitaka jina, umri na sahihi tu. Akamwandika Bheki. Kisha akamgeukia Mwanaidi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye hajawahi kukimbilia kitu zaidi ya basi.

"Dada, usifanye hivi kwa ajili yangu," nilimwambia.

"Nani kakuambia ni kwa ajili yako?" alinijibu huku akivaa helmeti juu ya mtandio wake. "Watu wamenifungia duka wiki nzima. Leo nataka kusimama mahali peupe. Nisimame wapi?"

Tulimsimamisha pembeni mbele. Nguo ndefu kaipandisha kwa mkanda, chini kavaa suruali ya Kasongo ya mazoezi. Filimbi ikalia tukiwa tisa.

Tulifungwa. Pointi kumi na saba kwa nane, na kati yake magoli mawili ningeweza kuyaokoa. Lakini Kasongo alipitisha moja chini ya mwamba, na dakika za mwisho mpira ulimfuata Mwanaidi miguuni. Aliukanyaga, akamsubiri beki amfikie, akamtazama, ndipo akaupiga ukatoka nje kabisa ya uwanja. Beki alicheka. Mwanaidi hakucheka.

Siku nne baadaye Kasongo alinisindikiza stesheni akanipa fimbo yake ya akiba. Barua ya ligi ilikuwa imefika: timu ya Bellevue imo katika orodha ya msimu ujao.

Beitbridge, wakati wa kurudi, afisa wa mpakani aliichomoa ile fimbo kwenye begi langu akauliza ni silaha ya nini. Nilimweleza ni ya mchezo, na kwamba nimecheza ligi ya taifa.

"Mlishinda?"

Nilifikiri jinsi ya kumjibu. Miaka yote niliamini kwamba mchezaji hujulikana kwa kushinda, na kwamba wenye orodha ndio wanaoamua nani ni mchezaji. Johannesburg nilijifunza kwamba kuna siku kazi yote ni kufika na kusimama mahali pako mbele ya macho ya watu.

"Tulikuwa tisa," nilisema.

Hakuelewa. Aligonga muhuri, nikabeba fimbo yangu begani, nikavuka.