Mkebe Usio na Tundu

Leo asubuhi niliinua chungu cha maua kibarazani, nikanusa udongo uliooza kwa maji, na mara nikawa mtoto tena, nimechuchumaa mlangoni petu kule mtaani Woodley.

Mama alikuwa amekabidhiwa mmea wa kanisa, ule wa kando ya madhabahu. Aliupanda katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Majani yakageuka manjano, yakaanza kupukutika. Mama akaongeza maji, nayo majani yakazidi kuanguka. Jumamosi moja akina mama watatu wa kanisa wakaja kuuchukua, wampe mwingine autunze.

"Dada, hii imekushinda," mmoja alisema.

Nilichomeka kidole udongoni, nikakinusa. "Mama, inanuka kama kitambaa ya kuosha vyombo. Maji haina mahali ya kutokea."

Wakacheka. "Kumbe mwalimu wa maua ndiye huyu?"

Mama hakucheka. Aliniletea nyundo na msumari. Niliulaza mkebe ubavuni, nikautoboa kitako mara tatu, na maji meusi yakatiririka hadi kwenye viatu vya yule aliyecheka zaidi.

"Nipeni hadi Pentekoste," Mama akawaambia. "Na hakuna mtu kuumwagilia mpaka huyu aseme."

Siku ya Pentekoste mmea ulisimama madhabahuni, umejaa majani mapya. Kila aliyempongeza Mama alijibiwa, "Muulize huyu," mkono wa Mama ukiwa kichwani mwangu.

Hadi leo, nikipiga magoti kumshukuru Mungu, huanza na uzito wa mkono ule.